Kamba ya Asukulu

Jumatatu, 3/11
Jambo Bwana. Habari ya kwako huko juu? Sisi hapa muji wa Baraka tuko bazima, tunakohoa tu kidogo juu ya vumbi ya mbao.

Tangu asubuhi napiga rabo, nalainisha mbao za muti wa libuyu. Viti vya kanisa. Mugongo unauma, maranda yamejaa ndani ya ndala. Asukulu angekuwa hapa tungemaliza jana. Huyo mudogo wangu iko Misisi, anaweka miti ndani ya mashimo ya dhahabu ili yasianguke. Tangu viti vya plastiki vifike sokoni, ateliye ya useremala ya marehemu baba haitoshi kulisha nyumba mbili. Alisema atarudi Noeli.

Kibao cha baba bado kiko mulangoni: VITI, VITANDA, MASANDUKU. Asukulu alikuwa anakicheka kila siku: "Kaka, sisi tunauza usingizi, mufupi na murefu." Baba alijifunza kazi kwa bamisioneri. Vita ilipokuja alivuka ziwa na sisi, rabo moja tu kifuani. Tuliporudi, kazi ya kwanza haikuwa kiti. Ilikuwa masanduku ya maiti, kolera ilikuwa inamaliza batu. Ndipo aliweka sheria yake: wenye kufiwa balete kamba iliyokatwa kwa urefu wa marehemu. Bila kamba, musumeno unyamaze. Kuanza sanduku kamba haijafika ni kumwita mutu afe. Na kamba inaenda kaburini pamoja naye.

Hatujaivunja hata siku moja.

Jumatano, 5/11
Shimo limeanguka Misisi. Mvua. Dereva wa pikipiki ndiye alileta habari. Batu batatu bametolewa, bamekufa. Asukulu alikuwa ndani. Bado hawajamuona.

Bwana, mudogo wangu. Mudogo wangu.

Alhamisi, 6/11
Nilipanda pikipiki nimufuate. Kupita Fizi kidogo, daraja limeenda na maji. Nilisimama pale naangalia mutoni kama mujinga. Nikarudi. Mauwa, muke wa Asukulu, alisikia pikipiki, akatoka mbio. Aliona niko peke yangu. Akaingia ndani.

Jumamosi, 8/11
Shangazi amefika kutoka Lubondja pamoja na bajomba. Bamekubaliana. Mutu asipopatikana, unazikwa mugomba mahali pake, ndani ya sanduku, ili matanga iishe na mujane apumuzike. Sanduku banalitaka kwangu. Nilikataa. Niliuliza kamba iko wapi.

"We Wilondja! Unangojea nani akuletee kamba? Shimo liko na mikono?" Shangazi huyo, mbele ya batu bote. "Baba yako angekuwa hapa angekuchapa na mbao hiyo hiyo!"

Labda. Lakini nikishika musumeno, nimesema amekufa. Mi sitaki kuwa wa kwanza kusema.

Jumapili, 9/11
Sikuimba. Muchungaji aliomba juu ya "ndugu yetu marehemu". Nilitoka inje. Nina hasira na wewe, Bwana. Naandika tu, maana unaijua tayari.

Jumanne, 11/11
Mauwa alikuja ateliye. Alifungua mukono: kamba. Ile ya kuanikia nguo. Amepima kitanda chao, kile Asukulu alijitengenezea mwaka wa kuoa. Toka kichwani mpaka miguuni.

"Shemeji, pale alijipima yeye mwenyewe. Nimechoka kungojea. Batoto bananiuliza kila saa."

Nikapokea. Ningefanya nini?

Jumatano, 12/11
Nimetengeneza sanduku ya mudogo wangu. Nilichukua mbao za viti vya kanisa, ndizo nzuri kushinda zote. Nikalaza kamba juu, nikakata. Mikono inajua kazi. Macho hayakuona kitu.

Misumari ya kifuniko sikupiga.

Ijumaa, 14/11
Mugomba ulikuwa umekatwa tayari, umefungwa shuka nyeupe. Pikipiki ikafika, matope mpaka kwenye taa. Maji yamepungua, batu banavuka kwa miguu. Jana bamepata mutu chini kabisa ya shimo. Uso haujulikani tena. Banafikiri ni yeye. Dereva akanipa kamba balimupimia, ndani ya sasheti ya plastiki. Kumbe Asukulu alikuwa anabachekesha benzake kule: siku nikifa musipeleke habari kwa kaka, mupeleke kamba, bila hiyo hafanyi kazi.

Niliweka kamba mbili pamoja juu ya meza. Ya Misisi ni fupi. Imepungua viganja viwili.

Shangazi akapiga vigelegele. "Si yeye! Asukulu ni murefu! Mutupe huo mugomba!" Mauwa alianguka magoti, analia, anacheka. Batu bakaanza kuimba. Na mi niliamini, Bwana. Muda wa kuvuta pumzi moja.

Kisha mikono yangu ikakumbuka. Kila kitanda tunakizidisha viganja viwili, miguu ya mwenyewe isigonge mbao. Baba alitufundisha sisi wawili siku moja. Mi, fundi wa vitanda, nimepima mutu na kitanda: kamba fupi ndiyo yake.

Ilikuwa lazima mutu abaambie. Nilikuwa mi. Baliacha kuimba mumoja mumoja.

Jumamosi, 15/11
Alifika mabegani mwa bachimbaji. Niliangalia mukono wa kushoto: kidole kile musumeno ulikula tukiwa batoto. Ni yeye.

Shangazi alinong'ona nipunguze sanduku. Sikupunguza. Upande wa miguu nilijaza maranda, yale ya chini ya meza ya Asukulu, hakuna mutu aliyeyafagia tangu aondoke. Kamba zote mbili nimemuwekea. Halafu nikapiga misumari.

Jumatano, 19/11
Mvua ndogo. Viti vya kanisa vinaanza upya.

Mauwa analala chini, kwenye mukeka. Aliniomba nivunje kitanda, nitoe vidogo viwili vya batoto. Nimevunja leo. Mbao bado nzima, Asukulu alifanya kazi safi. Nimepima batoto bakisimama ukutani, banacheka. Kila kimoja nimezidisha viganja viwili.

Bwana, nina swali moja tu, kanisani siwezi kulisema. Zile siku tulikuwa tunabishana juu ya kamba, alikuwa amekufa tayari, ao alikuwa kule chini anatungojea? Nijibu upesi, tafadhali. Mi niko hapa ateliye kutwa nzima.