Meza ya Pembeni kwa Shemeji Yako

Juu ya saluni, chumba cha mbele
Jumamosi asubuhi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko mbali? Miguu bado inakuvimba, au zile soksi za daktari zimekusaidia? Shemeji na mapacha wazima? Sisi tunavuta pumzi, tunashukuru. Saluni ina wateja, mgongo unanisumbua kama kawaida yake.

Jioni hii mimi na shemeji yako tunatimiza miaka thelathini ya ndoa, na nimeweka nafasi ya meza mgahawani. Usicheke. Najua sherehe zetu siku zote ni chai na keki ya jirani. Sikiliza kwanza.

Tangu apate kiharusi, shemeji yako, Fundi wetu, hali chakula mbele ya watu. Mguu umepona, ulimi umepona, lakini mkono wa kulia unatetemeka, hasa ukishika kijiko. Mtu aliyekuwa akifungua saa ya mkononi na kurudisha kila kiskrubu mahali pake, leo supu haimfiki mdomoni. Hata mkwe wetu akija, yeye huchukua sahani yake na kujifungia chumbani. Vifaa vyake vya saa amevifunika kitambaa. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa atakizoea kile chumba, halafu siku moja nijikute nina mume wa nyuma ya mlango.

Kwa hiyo kuchagua mahali kumenitoa jasho. Kwanza nilikwenda kwenye ile hoteli kubwa. Vitambaa vyeupe, uma zimepangwa safu nzima, na wahudumu wamesimama kama wasimamizi wa mtihani. Akilini nikamwona Fundi pale, na doa la kwanza juu ya kile kitambaa. Mguu niponye! Mahali pa pili muziki ulikuwa mkubwa mpaka vijiko vinatetemeka vyenyewe. Nusura niseme hapo ndipo panapomfaa, lakini masikio yangu yalikataa.

Mteja wangu mmoja, mwalimu wa Kifaransa, ndiye aliyenielekeza kwenye kimgahawa cha Kifaransa nyuma ya benki. Viti havifanani, meza zimetandikwa karatasi tu, na mpishi ni mama mnene mwenye sauti, anatoka jikoni na aproni yake kuuliza kama umeshiba. Watu wanapangusa mchuzi kwa mkate na kulamba vidole. Roho ikatulia, ila si sana. Nikataka kupapima. Nikaagiza supu ya vitunguu, nikautetemesha mkono makusudi mpaka supu ikamwagika. Mhudumu hakukunja hata uso. Alibadilisha karatasi, akaniletea supu nyingine ndani ya kikombe chenye vishikio viwili.

“Hiki ndicho rahisi, mama. Kunywa taratibu.”

Kidogo nilie. Nikaweka meza ya pembeni palepale, nikaondoka haraka. Niliona haya kumweleza kwamba mgonjwa si mimi.

Jana nilimwambia Fundi. Alijibu neno moja tu, “Tutaona.” Sasa yuko bafuni muda mrefu, na sijui ananyoa ndevu au anatafuta kisingizio. Akikataa, sitakuwa na nguvu ya kumwomba tena. Akikubali halafu akaaibika, ndiyo mbaya zaidi, na nitakuwa nimemfungia mlango mimi mwenyewe. Mteja amefika, ngoja niteremke.

Jumapili asubuhi

Tulikwenda. Fundi alikaa akitazama ukuta, mkono ameuficha chini ya meza. Mhudumu akanitambua, uso ukamchangamka, na kabla sijafungua mdomo akaleta supu: ya Fundi kwenye bakuli na kijiko, yangu kwenye kikombe cha vishikio viwili. Akanifunga kitambaa shingoni kama mtoto. Mkate wangu ulikuwa umeshakatwa vipande vidogo vidogo. Mara mpishi akatoka jikoni, akanipapasa bega, akamwinamia mume wangu.

“Baba, mkeo ana moyo. Msaidie tu, asione aibu.”

Fundi akaniangalia. Akaitazama mikono yangu, hii inayosuka nywele kutwa bila kutikisika. Nikajua ameelewa kila kitu nilichofanya. Nikasema basi, sasa anainuka, anaondoka.

Mkono ukatoka chini ya meza, unatetemeka mbele ya watu wote. “Lete hicho kikombe, mgonjwa,” akasema, akanisukumia bakuli lake. Akacheka mpaka supu ikamdondokea shatini, wala hakuifuta. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Tulipotoka, mhudumu alinishika mkono nishuke ngazi. “Mshike vizuri,” Fundi akamwambia, “huyo anatetemeka sana.”

Wasiwasi haujaniisha, sitakudanganya. Mkwe wetu anakuja kula mchana huu, na mlango wa chumba bado upo palepale.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha waambie mama mkubwa anawadai picha. Mola akupunguzie uvimbe, na meza yako isikose mtu hata mmoja.

Nimesikia kiti kikivutwa. Fundi ameshakaa mezani, kabla hata mgeni hajafika, na anatoa sharti lake kwa sauti: mbele ya watu, mgonjwa niendelee kuwa mimi.

Wako akupendaye,
Dada yako, mgonjwa