Aliyeunguza Gauni

Jumatatu, 4 Machi

Mungu wangu! Nimeunguza gauni la harusi.

Mzee Kola alikuwa amekwenda kula. Tunamwita hivyo kwa sababu kola za mashati akizipiga pasi zinasimama zenyewe. Gauni liko mezani kwake, limebaki kunyanzi moja karibu na pindo. Moja tu! Nikasema ngoja nimsaidie — mimi msimamizi wa duka hili la dobi, siku nyingi sijashika pasi, mkono unaniwasha. Simu ikaita. Dada, na ugomvi wake uleule wa nani akae na mama. Nikageuka kumjibu. Niliposikia harufu, basi tena. Alama ya kahawia, umbo la pasi kabisa, kwenye hariri nyeupe.

Nikalitundika kwenye henga, upande ulioungua ukielekea ukutani. Nikajifungia ofisini. Kesho asubuhi nitasema.

Jumanne, 5 Machi

Sikusema.

Bibi harusi alikuja na shangazi yake. Alilia mpaka akakaa sakafuni. Bosi akatukusanya mbele ya mashine za kufulia. Nani kafanya hivi? Wasichana wa mashine, wafunga mizigo, hata dereva, wakajibu pamoja: tumekosa wote. Ni kanuni yangu hiyo! Niliibandika ukutani siku nilipopewa usimamizi: hapa hatunyoosheani vidole, kosa la mmoja ni letu sote. Na mimi nikasema pamoja nao. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Aibu!

Bosi akapoa. Akanivuta pembeni, akasema timu kama hii hajapata kuiona, na duka jipya la pili hana mtu mwingine wa kumkabidhi. Nikasema ahsante.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee Kola kaingia ofisini, kafunga mlango.

"Mwanangu, ni mimi."

Wewe nini, Mzee?

"Gauni. Meza yangu, pasi yangu, nani mwingine? Macho yangu yamechoka. Hata moshi sikuuona."

Alikuwa analia. Mzee aliyenifundisha kushika pasi! Nilifungua mdomo niseme, naapa nilifungua. Kilichotoka ni: usijali, Mzee, hapa hatunyoosheani vidole. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua. Eti viongozi wenye moyo kama wangu hawapo tena.

Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempeleka Mzee kwa daktari wa macho. Mimi mwenyewe, najifanya mwema. Nilijiambia akipata miwani mambo yataishia hapo na kila mtu atakuwa amefaidika. Ona nilivyo mjanja! Daktari kasema macho ya Mzee hayana neno. Miwani ya kusomea inamtosha, vya mbali anaviona kuliko mimi. Nikacheka kwa furaha. Mzee hakucheka.

Nikamsindikiza kwao kwa miguu. Tulipokaribia kwake akasimama. "Kama macho ni mazima, na sikumbuki kuliunguza, basi ni kichwa."

Pale pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nikamwambia akapumzike.

Jumatano, 13 Machi

Mzee anajichunguza. Anazima pasi, anaondoka, anarudi kuangalia kama kaizima. Anarudi tena. Mfunga mizigo mmoja kamtania: Mzee, una miadi na hiyo swichi? Watu wakacheka, naye akacheka, kidogo. Kola za leo zimelala.

Dereva ananiambia kwamba nyumbani Mzee kamkabidhi mkewe kiberiti, na mjukuu wake hambebi tena, anaogopa atamsahau mahali. Kaka mkubwa wa Mzee alianza hivihivi, akaishia kutowajua watoto wake. Mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo. Mimi!

Na nimefanya nini? Nimebandua ile kanuni ukutani. Walipouliza nikasema karatasi imechakaa. Huo ndio ujasiri wangu wote.

Jioni nikampigia dada, nikamwambia kila kitu. Akauliza: sasa unaniambia mimi ili iweje?

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi. Mzee kaacha kazi. Leo ndiyo siku yake ya mwisho, kasema hataki kuja kuunguza mtu. Bosi anataka niseme maneno mawili matatu ya kumuaga, na hapohapo atatangaza kuwa duka jipya ni langu. Viti vimeshapangwa kando ya meza za pasi.

Mchana. Mzee kaingia na mkewe. Nilidhani wamekuja kuaga. Mkewe mwanamke mfupi, si wa maneno mengi. Kasema kaishi na mume huyu tangu ujana wao, na tangu jambo hili litokee amekuwa akimtazama usiku na mchana. Hajasahau kitu. Jina, njia, dawa, hakuna. Ila amekoma kulala. Basi anataka kuniuliza jambo moja, maana mimi ndiye kiongozi na sina sababu ya kumdanganya.

"Kuna mtu alimwona akiliunguza?"

Mzee kamvuta mkono, kamwambia asinisumbue, nina kazi. Hakuvutika.

Nikasema — nisubirini kidogo, namalizia kuandika kitu. Wamekaa. Wanadhani ni mambo ya ofisi. Mzee ananyoosha kola ya shati lake kwa vidole. Kwa nje nasikia watu wanakaa, bosi anaulizia niko wapi. Mkewe anaitazama kalamu yangu tu. Nikiiweka chini itabidi nijibu.

Mkewe amesogeza kiti chake karibu na meza.