Swichi Yenye Taa ya Mashine ya Baba

Mshangano, Songea
Agosti 1997

Kaka Osmund mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Careen na mtoto hamjambo huko Dar es Salaam. Sisi tu wazima. Baridi bado inauma asubuhi, ila mahindi yamekauka vizuri na mashine ya Baba ya kusaga haipumziki.

Mashine hiyo nusura tuipoteze. Juzi Baba alisaga bila kuwasha pampu ya maji ya kupoza injini. Nilikuwa nje, nikasikia mlio umebadilika, nikakimbia kuzima. Injini inafuka moshi, naye amesimama palepale, anashangaa kwa nini nimezima.

Kabla sijamlaumu, akaniomba nimfungie swichi yenye taa, aone kwa macho kama pampu imewashwa. Niliipata sokoni kwa wauza vipuri vya magari. Ilikuwa ya volti kumi na mbili, na betri zetu mbili zilivyoungwa zinatoa ishirini na nne. Kwa haraka yangu nikaiunga hivyohivyo. Taa ikang'aa mno, ikanuka, ikafa. Ya pili nikaiwekea rezista kwenye waya wa taa peke yake, kupunguza umeme unaoingia pale. Waya wa pampu sikuugusa, maana pampu inataka umeme wake wote. Sasa inawaka kijani, imetulia kabisa. Hata Makarius, dereva wa lori, ameniomba nimfungie ya kwake. Kazi hii naiweza, Kaka.

Nilipomaliza nilimwita Baba aje aone. Nikaita tena, nipo nyuma yake tu. Hakugeuka. Nikamzunguka, nikamuuliza uso kwa uso. Akakiri kwamba tangu Pasaka masikio yamekufa, na alilificha hilo ili watu wasije wakasema mzee hawezi tena kazi.

Kaka, ile simu uliyompigia parokiani baada ya Pasaka, ukamwomba radhi kwa kuoa bila yeye kuwepo, naye akaiweka chini kimya: hakukukataa. Hakusikia hata neno moja. Nilipomweleza ulichosema, alikaa juu ya gunia, akafunika uso. Kisha akasema kwa sauti kubwa, wateja wote wakasikia, "Mwambie amlete mkwe wangu!"

Mama anawasalimu sana, na mtoto anambusu. Mkifika, msimpigie Baba hodi mlangoni. Nendeni mpaka mbele yake, aione midomo yenu.

Ni mimi mdogo wako,
Aurelia