Shangazi, Jina Lako Limepata Mtu

Kwako Shangazi yangu Nyangi, uliyelala Butiama,

Nimezaa. Ni binti, ana wiki sita, na sasa hivi amelala kifuani kwangu hapa Nyasura, Bunda, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Nimempa jina lako. Tangu siku hiyo watu wamenipungukia, na wa kumweleza hayo sina, nikaona bora nikuandikie wewe mwenyewe uliyeyasababisha.

Najua ungepiga makofi na kusema, "Ee! Wewe mtoto una kichaa?" Maana uliniambiaga mapema. Tulikuwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba, nina miaka kumi hivi, nikakuuliza ni nani atakayeitwa jina lako. Ukasema, "Langu nitaondoka nalo." Ukanieleza kwamba mtu aliyekufa bila kuzaa harithiwi jina, watu wanaogopa mtoto naye asije akafungwa tumbo. Ulisema hivyo bila hata kuinua macho. Kisha ukanituma chumvi kwa jirani.

Baba ndiye aliyenileta kwako, nikiwa darasa la kwanza, mama alipofariki. Yeye alikuwa na cherehani yake Musoma sokoni na chumba kimoja cha kupanga, akaona dada yake mkubwa ataniweza. Uliniweza. Ulikuwa umesharudi nyumbani kwenu miaka mingi, baada ya ndoa ya miaka minane isiyopata mtoto. Ng'ombe wa mahari walirudishwa wote isipokuwa mmoja aliyekuwa ameshakufa, na ulipenda kutamba kwamba yule ndiye pekee aliyekuwa upande wako.

Kila Jumamosi ulinisuka. Mungu wangu, ulivyokuwa unavuta! Nikilia unasema, "Lia, ila shingo isitikisike." Leo mimi ni msusi hapa Bunda, wateja wananisifu mkono mwepesi, sijawahi kuwaambia niliujifunza kwa kuukimbia wako.

Kuna mambo mawili niliyaona utotoni nikawa siyaelewi. La kwanza, wanawake wa rika lako wote waliitwa Mama Fulani. Mama Wambura, Mama Magesa. Wewe na mvi zako waliendelea kukuita Nyangi, kavu, kama msichana anayetumwa dukani. La pili ni siku tulizokwenda kumwona mzazi. Wanawake walikaa kwenye mkeka, mtoto mchanga anapokezwa mkono kwa mkono, na kabla hajakufikia wewe ulikuwa unainuka. "Ngoja niangalie uji usimwagike." Nilidhani unapenda sana jiko. Nilikuwa mkubwa, nimeshaolewa, ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa unawaondolea aibu ya kukuruka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya mazishi yako, baba ndiye aliyeandika wasifu. Katekista akausoma pale uani, umezaliwa lini, umebatizwa wapi, umeugua nini, halafu akasoma, "Marehemu hakubahatika kupata mtoto." Watu wakaguna kwa huruma. Na mimi nilikuwepo, Shangazi. Nimekaa mkekani, kanga kiunoni, mtu mzima wa miaka ishirini na minne ambaye ulimlisha, ukamsomesha, ukamfundisha hata namna ya kufunga hiyo kanga. Nilipaswa kusimama niseme, "Mtoto wake ni mimi." Sikusimama. Nilijikuna mguu. Wakaendelea kusoma, wakashukuru majirani, wakafunga karatasi. Miaka mitano imepita na ile aibu bado inaniamsha.

Kwa hiyo nilipojifungua nilikuwa nimeshaamua. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kibara kunihudumia, na sitamsema vibaya, mama yule alinikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji na supu ya sato mpaka nikanenepa. Siku tuliyokwenda kliniki kwa ajili ya kadi, muuguzi akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Mama mkwe akawahi, "Neema." Mimi nikasema, "Nyangi." Muuguzi akasimamisha kalamu, akatutazama kwa zamu.

"Nyangi nani huyo?" mama mkwe akaniuliza. "Siyo yule shangazi yako asiyezaa?"

"Ndiye huyo huyo, mama."

"Wewe! Yaani unamfunga mtoto wa mwanangu tumbo na mimi nimesimama hapa naangalia?"

Nikamwambia muuguzi aandike. Akaandika. Njia nzima ya kurudi hatukusemezana, na tulipofika nyumbani mama mkwe alifunga vitenge vyake kwenye begi, akachemsha uji wa mwisho, akaufunika vizuri, akaondoka. Alininyima kelele. Angenigombeza ningepumua.

Tangu hapo niko peke yangu. Mume wangu, Baba Nyangi (ndiyo, na yeye lazima aitwe hivyo sasa), anaendesha lori, mara yuko Mwanza, mara yuko Singida. Nilipompigia kumweleza, akasema, "Wewe fanya unavyoona," na hayo siyo maneno ya mtu aliyekubali. Akipiga simu anauliza, "Mtoto hajambo?" Jina hajalitaja hata siku moja. Nachota maji mwenyewe, nafua nepi mwenyewe, nakula nikiwa nimesimama. Jirani mmoja huniletea mboga, anaiweka mlangoni, anaondoka haraka kana kwamba nyumba ina surua.

Ushauri lakini haukosekani, haleluya! Mteja wangu mmoja alikuja kuniona, akashauri nilifiche jina lako katikati, mbele niweke zuri la kileo. Binamu yangu akanitumia orodha ya majina ya kisasa, mengine hata sijui yanatamkwaje, nadhani na yeye hajui. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp niliweka picha ya mtoto na jina lake. Watu arobaini waliiona. Mmoja akaweka kidole gumba, baada ya dakika tano akakifuta.

Na baba, kimya. Nilimpigia siku ile ile ya kliniki, nikamwambia nimemwita mtoto kwa jina la dada yake. Simu ikakatika. Nikasema ni mtandao. Nikapiga tena kesho yake, keshokutwa, wiki ya pili. Inaita tu. Wengine wote ningewavumilia, Shangazi, lakini baba ndiye niliyemhesabu upande wangu. Mtu wa mwisho duniani aliyezaliwa tumbo moja na wewe akilikataa jina lako, mimi nalibeba kwa niaba ya nani?

Nikuambie na hili, usicheke. Naogopa. Kuna mchana mtoto anakataa ziwa, analia mpaka anabadilika rangi, nami natazama huo uso mdogo najiuliza kama nimemwekea mzigo wangu kwa sababu tu siku moja nilishindwa kusimama. Je, akikua, akaolewa, mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, hawatamwambia, "Ni mama yako aliyekufanyia hivi"? Nakumbuka mikono yako iliyokuwa inakimbilia jikoni, namvuta karibu. Halafu anashika kidole changu na kuanza kunyonya, nami najisemea basi, acha, Nyangi aliyenilea hakuwa mkosi. Alikuwa mama yangu. Nayasema hayo kwa sauti, humu ndani, kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisikia.

Jana, Jumapili, nikiwa naanika nepi, nikasikia mtu anapiga hodi. Nikageuka. Baba! Amevaa koti lake la kanisani, viatu vimejaa vumbi la kutoka stendi, mkononi ana mfuko wa nguo. Amekuwa mzee, Shangazi, ungemwona ungemgombeza kwa kukonda. Nikampokea mfuko, nikamkaribisha ndani. Akakataa. Akakaa barazani kwenye kiti cha wateja.

Nikamwuliza, "Baba, mbona simu hupokei?"

"Ningesema nini kwenye simu?"

Akafungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na vigauni vitatu, ameshona mwenyewe, vidogo mno, mshono umekwenda upande kidogo kwa sababu macho yamechoka. Akaniambia kwamba lile neno la kwenye wasifu aliliandika usiku wa msiba bila kufikiri, kwa kuwa ndivyo wasifu unavyoandikwaga, na alipomsikia katekista akilisoma aliniangalia mimi. Kumbe aliniona. Tulinyamaza wote wawili siku ile, kila mtu akimsubiri mwenzake.

Halafu akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamleta. Nilidhani atampokea ampakate kama mababu wote. Baba hakubaki kitini. Alisimama, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele ya mtoto wa wiki sita.

"Shikamoo, dada," akasema.

Najua desturi. Aliyepewa jina anaamkiwa kama mwenye jina, na mama yake huitikia kwa niaba yake kwa kuwa mtoto hajui kusema. Ilikuwa zamu yangu. Neno lenyewe ni moja tu. Nilifungua mdomo, Shangazi, na halikutoka. Nilitikisa kichwa, machozi yanamdondokea mtoto usoni, na baba akabaki ameinama, anangoja, mpaka akaona aibu yangu akavaa kofia yake polepole, akaomba maji ya kunywa.

Aliondoka na basi la saa tisa. Nyumba imerudi kuwa kimya, vigauni vimekunjwa juu ya meza, Baba Nyangi yuko barabarani, mama mkwe yuko Kibara na bado hajapiga. Lakini mdogo wako amekuamkia, Shangazi, na hajajibiwa. Mimi nimeshindwa. Mwitikie wewe.

Mwanao