Msikilizaji wa Kila Ijumaa

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko wewe na mama mkubwa? Mguu wake umepona, au bado anakutuma kila dakika kana kwamba wewe miguu yako haichoki? Sisi huku miili ni mizima. Akili ndizo sizisemei, maana mume wako amenichosha mpaka basi.

Unajua tangu nichaguliwe katibu wa chama cha wanamuziki sina lingine ila ule muswada wa hakimiliki. Ukipita, redio ikipiga wimbo italazimika kumlipa mrabaha kila aliyeimba, sauti ya kwanza na ya pili. Narudia, na ya pili, maana hapo ndipo ulipo wewe. Wimbo wenu wewe na Baba unajulikana kila nyumba, lakini mtangazaji wa kipindi cha salamu hajawahi kutaja majina yenu. Anataja waliotuma salamu mpaka pumzi zinamwishia, kisha anasema sasa ni "ule wa kusubiriana", basi.

Kamati ya bunge ilipotangaza siku ya kupokea maoni, nikamteua Baba awe msemaji wetu wa kwanza. Kosa langu. Nilimfundisha pale kwenye meza ya jikoni, jioni baada ya jioni, nikampigia shati pasi mwenyewe. Alichotakiwa kusema ni kwamba wimbo wake unapigwa tangu mimi niko tumboni, kwamba redio inauza matangazo kwa mgongo wake, na kwamba yeye hajaona hata senti. Akaniitikia kila neno kama mwanafunzi mzuri.

Mama, laiti ungekuwepo! Wenye redio walitangulia kusema. Wakadai kwamba wakilazimishwa kulipa, nyimbo za zamani wataziacha na vipindi watavijaza maongezi. Vitisho vitupu, na jibu lake tulikuwa nalo. Zamu ya Baba ikafika. Akasafisha koo kama yuko jukwaani, akakivuta kipaza sauti, akasema kwamba kama sheria hiyo itauondoa wimbo wake hewani, basi yeye haitaki, waendelee kuupiga bure. Akawashukuru waheshimiwa, akaketi.

Wenye redio wakapiga makofi. Mwenyekiti wetu akanigeukia akaniuliza huyu mzee ni wa kwetu au wa kwao. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Nilimvuta nje kwenye ukumbi mwembamba, nikamwambia yote yaliyokuwa yamenikaa kooni. Nilimkumbusha mpiga ngoma wenu wa zamani, ambaye leo anashona viatu vya watu ili ale, na ambaye alikuwa ameketi mstari wa nyuma akimsikiliza. Nilimwambia ametuuza sote ili aendelee kujisikia redioni, kwamba hiyo ni sifa tu, tena sifa za uzeeni. Alikuwa anahangaika na kifungo cha kola, wala hakikuwa kimelegea.

Hapo ndipo mtangazaji yule wa salamu alipotoka mbio, mkono mbele, anacheka. Alimwambia Baba kwamba ameitambua sauti mara tu alipofungua mdomo, na kwamba amefurahi kumwona hatimaye Jirani Mwema, anayempigia simu kila Ijumaa kuomba wimbo uleule. Miaka yote hiyo hakujua kwamba anayeomba ndiye anayeimba.

Mama, Jirani Mwema ni Baba.

Wewe ndiye uliyeniandikia nimwambie kwamba bado mnapendwa, kwa sababu yuko Jirani Mwema asiyekosa Ijumaa hata moja. Nilipomfikishia, aliniuliza mara mbili kama ni kweli huwa unasikiliza. Nilidhani anatafuta kusifiwa. Kumbe mtu alikwenda kusimama mbele ya kamati nzima kwa sababu hiyo tu, na mimi nikamwambia ametuuza. Bado nimemkasirikia, usidhani nimelainika. Hivi simu ya kumpigia mtangazaji anayo, ya kukupigia wewe hana?

Muswada haujafa. Kamati itakaa tena mwezi ujao, na nafasi ya msemaji iko wazi. Simtaki mwingine ila wewe. Mama mkubwa amepona zamani, sote tunajua si mguu wake unaokuweka huko. Njoo uwaambie kuna sauti ya pili, na ina mwenyewe.

Ukimaliza, pitia nyumbani. Baba akiosha vyombo huuimba ule wimbo. Akifika mahali pako ananyamaza, anausubiri mstari wako upite wote, ndipo anaendelea. Mimi ukimya ule umenishinda.

Msalimie mama mkubwa, na umwambie asikuzuie. Wadogo zangu wanakuamkia. Baba hajui kama nimeandika.

Ni mimi binti yako,
Kifunguamimba