Mafuta Kifuani mwa Luhende

Buzuruga, Mwanza
1996

Wifi yangu Selina,

Habari za Nansio? Huku mahindi yamechanua.

Tangu kaka yako Luhende apunguzwe kazi kiwanda cha pamba, kila asubuhi alikuwa akitoka na kurudi ananukia mafuta. Nikajua ana mwanamke. Jana nilimfuata hadi ukumbi mmoja wa Nyegezi, nikamkuta mkekani akijinyoosha, anajikanda kifua kwa mafuta na kuvuta pumzi taratibu, mwalimu wa yoga, yale mazoezi ya Kihindi ya viungo na pumzi, akimwelekeza.

“Mbona ulinificha?”

“Vumbi la pamba limeniharibu kifua, Rebeka. Hapa angalau napumua. Aliyosema daktari nilimwambia Selina tu.”

Kuhusu mwanamke nilikosea. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza. Wifi, daktari alimwambia nini?

Nijibu upesi.

Rebeka