Wifi, Cherehani na Kompyuta Isiyowaka

Jumamosi, 1 Machi

Imekamilika! Mimi, kwa mikono hii hii, nimefunga kompyuta nzima, kutoka kasha tupu mpaka skrubu ya mwisho. Hakuna fundi aliyeigusa. Prosesa, ubongo wake, nimeikalisha kama yai. Nyaya nimezipitisha nyuma ya kasha na kuzibana moja moja, zimelala kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Mume wangu alisimama mlangoni na spana zake za bomba akasema sasa ataogopa kulala, nisije nikamfungua usingizini.

Nikawaita wote sebuleni. Wote wenyewe ni yeye na dada yake mkubwa, wifi yangu, mkunga, ndiyo kwanza katoka zamu wodi ya wazazi, hata viatu hajavua. Nikabonyeza kitufe.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Feni ikajitikisa kidogo, kama mtu aliyeitwa usingizini, ikalala. Mara ya tatu hata hiyo haikujitikisa.

Mume wangu: labda imeziba. Fundi bomba huyo!

Wifi hakucheka. Akageukia ile kona iliyo tupu. Akasema polepole kwamba cherehani ya mama haikuwahi kuhitaji umeme. Akaenda kuoga.

Imefungwa vizuri. Najua imefungwa vizuri.


Jumapili, 2 Machi

Niliandike hili lisinikae kifuani. Cherehani NILIPEWA. Marehemu mama mkwe alinipa mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, mbele ya watoto wake: chukua wewe, hawa hawajui hata kutunga uzi. Lakini mimi si mshonaji. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, na kiwanda cha uchapaji siku hizi kazi kinazitoa nje, kwa mwenye kompyuta yake. Meneja alisema wazi — vitabu vya shule vinaanza Jumatatu ya tarehe 10. Ukiwa na mashine ya maana, vya kwako. Huna, kuna wengine. Laptop yangu kuukuu ukiifungulia picha mbili inahema kama mgonjwa.

Basi nikaiuza cherehani, nikanunua vifaa vya kompyuta. Mume wangu alijua. Wifi hakujua, na siku alipoikuta kona tupu hakugomba. Afadhali angegomba! Alifagia pale palipokuwa na cherehani, basi.

Leo nimehamisha plagi soketi tatu. Nimechomeka pasi, inawaka. Nimechomeka redio, inaimba. Kompyuta — wapi! Waya wa umeme wa nyuma, sawa. Swichi ya nyuma, sawa. Waya mnene wa kwenye ubao mkuu, ule unaobeba prosesa na vingine vyote, nimeuchomoa na kuurudisha mpaka ukalia “ta!” Sawa.

Mume wangu kasema tumwite fundi. Nikamwangalia. Akasema basi, alikuwa anauliza tu.


Jumatatu, 3 Machi

Nimelichomoa boksi la kugawa umeme ndani ya kasha, nikalipeleka dukani kwa yule aliyeniuzia vifaa. Akaniambia nimwambie mzee wa nyumbani aje, amwelekeze. Nikamjibu mzee wa nyumbani anajua masinki. Akitaka kuelekezana kuhusu masinki nitampigia. Wateja wawili wakacheka. Akalipima boksi kwa haraka sana baada ya hapo.

Ni zima! Halina kasoro. Limezungusha feni ya pale dukani bila wasiwasi.

Nikarudi nalo kwapani, nimeinua kichwa. Halafu njiani nikaelewa. Kama boksi ni zima, kosa liko kwenye kile nilichokifunga mimi.

Kichwa kikashuka kidogo. Kidogo tu.


Jumanne, 4 Machi

Mchana kutwa natafuta maelezo mtandaoni. Waifai ya nyumba hii ilikatika saa nne, nikaendelea kwa bando la simu. Wifi hakukatika. Leo hana zamu. Anapita, anatazama, anapita tena. Mara anatafuta kijiko. Sebuleni!

Kila mtaalamu wa mtandaoni anasema jambo lile lile: toa ubao wote nje ya kasha, ulaze juu ya boksi la karatasi, ujaribu hapo. Najua. Tangu jana najua. Lakini kutoa ubao ni kufumua nyaya zangu zote — ile kazi nzuri yote! Nimebadilisha vitu vidogo vidogo mpaka vidole vinauma, ili nisifumue.

Jioni wifi akasimama nyuma yangu. Akauliza mbona naipapasa juu juu. Mtoto akiletwa kwao amenyamaza hivyo, hawampimi akiwa na sweta. Wanamvua.

Nikamwambia nikiivua nitaharibu mpangilio.

“Mficha uchi hazai, wifi,” akasema. “Hiyo ndiyo kazi yangu, niulize mimi.”

Nilikasirika. Amesema kweli, ndiyo maana.


Jumatano, 5 Machi

Nimefumua. Zile nyaya zote! Roho iliniuma kama nafumua nywele za harusi asubuhi ya harusi. Wifi akajileta bila kuitwa, akashika tochi. Kila skrubu niliyotoa aliipokea na kuiweka kwenye kisahani, kwa mpangilio, kama vifaa vya kushonea jeraha.

Ubao ukawa juu ya boksi la karatasi, uchi. Boksi la umeme pembeni. Pale penye pini mbili za kuwashia nikagusisha ncha ya bisibisi.

Feni! Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka! Skrini ikang’aa, maandishi meupe yakaja. Nilipiga kelele, wifi akapiga kigelegele, mume wangu akatoka msalani mbio akidhani kuna moto.

Sasa — ikiwa nje inawaka, ndani inakufa, basi kasha ndilo linaloiua. Nikalimulika ndani. Ubao hukaa juu ya viguu vidogo vya shaba, kila kiguu chini ya tundu lake la skrubu. Nikakuta kimoja kimesimama mahali pasipo na tundu. Kimekuja hivyo na kasha, sikukiona. Ubao ulikuwa unakikalia, chuma kwa chuma, unapiga shoti. Kiguu kidogo kuliko jino la mtoto!

Nikakifungua. Nikamwonyesha wifi kiganjani. Akakitazama, halafu akaanza kuongea bila kuniangalia. Kumbe ile cherehani mama yao aliinunua kwa kuuza baiskeli ya baba yao. Baba hakumsemesha mpaka nguo ya kwanza ilipotoka — shati lake mwenyewe! Akalivaa, akaanza kusema.

“Mama alikuwa jeuri,” akasema wifi. “Jeuri kama wewe.”

Nikamwambia anishikie tochi vizuri.


Alhamisi, 6 Machi

Imewaka. Ndani ya kasha. Kwa kitufe chake.

IMEWAKA!


Ijumaa, 7 Machi

Nyaya nimezisuka upya, nzuri kuliko mwanzo. Nikapeleka kurasa za majaribio kiwandani. Meneja akazipekua, akauliza nimenunua mashine wapi. Sijanunua, nikamwambia, nimeiunda. Akarudia: umeiunda? Nikamwacha aulize tena, maana swali lile lilikuwa tamu. Vitabu vya hesabu ni vyangu!

Nyumbani nikamsikia wifi kibarazani, kwenye simu, hajui nimerudi. Anamwambia mtu wa kazini kwamba wifi yake hakuna mashine inayomshinda. Kwamba ameivua, ameichungulia, ameiona. Kwamba mafundi wote wa mji walishindwa. (Mafundi gani?) Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole, nikaingia upya kwa kishindo.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika upesi. Wifi amekuja na kompyuta imefungwa kwenye shuka la hospitali, na nyuma yake bosi wake, mkunga mkuu, mama mnene mwenye miwani na sauti ya kuamuru. Mashine ya ofisi yao. Imezimika tangu juzi, ndani mna ratiba ya zamu za wodi nzima. Mkunga mkuu akanipima kwa macho, juu mpaka chini. Ndiye huyu? Wifi akajibu, kifua mbele: ndiye, wifi yangu!

Nikafungua kinywa niseme ukweli, kwamba maishani nimefunga kompyuta moja tu. Badala yake nikasikia sauti yangu inauliza, “Ilianza lini?” Kama daktari!

Nimefungua ubavu wake. Hakuna kinachofanana na yangu. Hakuna! Hata waya wa umeme ni wa umbo jingine.

Sasa wanakunywa chai, mimi nimejifungia chumbani eti natafuta bisibisi nyembamba. Bisibisi iko mfukoni. Namsikia wifi anamwambia mkubwa wake asiwe na shaka, huyu akishika kitu hakiachi, ni jeuri huyu, kamrithi mama yetu —

Wifi anaita. Nakuja, nimesema. Nakuja!